Shokapu na Matairi ya Pikipiki: Namna ya Kujiandaa kwa Kona

Pikipiki inapolazwa kwenye kona, kinachoishikilia barabarani ni vipande viwili tu vya mpira, kimoja cha tairi la mbele na kimoja cha nyuma, na kila kimoja hakizidi sana ukubwa wa kiganja. Kazi ya shokapu, mbali na kumstarehesha dereva, ni kuhakikisha vipande hivyo havibanduki kwenye lami pale barabara inapokuwa na mabonde. Ndiyo maana marekebisho yanapaswa kuanzia kwenye upepo wa matairi, yafuatiwe na springi, na skrubu za kurekebishia mwendo wa shokapu ziguswe mwisho. Wengi hufanya kinyume, kisha huhangaika na skrubu wakati kasoro iko kwenye upepo.

Upepo hupimwa matairi yakiwa baridi, kabla ya safari, kwa kufuata kiwango cha mtengenezaji wa pikipiki kilichomo katika kitabu cha mwongozo au kwenye kibandiko cha pikipiki yenyewe. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi isitumike badala yake, kwa sababu hiyo huhusu uwezo wa juu kabisa wa tairi. Upepo ukipungua, usukani huwa mzito na tairi hupata joto kupita kiasi. Ukizidi, sehemu inayogusa lami hupungua.

Baada ya hapo, pima ni kiasi gani pikipiki inashuka inapobeba uzito wako. Inua gurudumu la nyuma hadi lisiguse chini, kisha pima umbali kutoka ekseli hadi alama moja iliyo juu yake. Ishushe, uketi ukiwa umevaa mavazi yote ya safari, na umwombe msaidizi apime tena umbali uleule. Shokapu za mbele nazo zipimwe kwa njia hiyohiyo. Kwa pikipiki nyingi za barabarani, ambazo shokapu zake husogea takriban milimita 120, tofauti ya milimita 30 hadi 40 inafaa. Ikizidi, kaza springi, ikipungua, ilegeze. Ieleweke kwamba kukaza hakuifanyi springi yenyewe kuwa ngumu zaidi, bali hupandisha kimo cha pikipiki tu. Ikiwa umekaza sana hadi pikipiki isiyo na mtu haishuki kabisa, na bado inazama unapoketi, springi hiyo ni laini mno kwa uzito wako na dawa yake ni kuibadilisha.

Kimo hiki kina athari ya moja kwa moja kwenye kona. Nyuma ikizama, kama inavyotokea abiria anapopanda bila springi kukazwa, pikipiki huwa nzito kugeuka na huelekea kutoka nje ya mstari. Mbele ikizama kupita kiasi, hugeuka upesi lakini hupoteza utulivu katika mwendo wa kasi.

Skrubu, kwa pikipiki zilizo nazo, zidhibitiwe kwa daftari. Zungusha taratibu kuelekea upande wa kukaza huku ukihesabu mibofyo, yaani hatua ndogo zinazosikika skrubu inapozunguka, hadi ifike mwisho, andika idadi hiyo, kisha irudishe ilipokuwa. Muhimu zaidi ni ile inayodhibiti kasi ya shokapu kurudi juu. Kandamiza kiti kwa nguvu na kuachia: pikipiki inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikiendelea kurukaruka, kaza. Ikipanda kwa kujikokota, legeza, maana kwenye mabonde yanayofuatana shokapu ya namna hiyo haiwahi kurudi na huzama zaidi kila mara. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, mbofyo mmoja au miwili, na ujaribu kwenye barabara ileile kwa mwendo wa wastani.

Katika kuchagua matairi, heshimu vipimo vya mtengenezaji. Katika 120/70 ZR17, 120 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, Z ni alama ya mwendo wa kasi kubwa, R huonyesha tairi ni la radiali, yaani nyuzi zake za ndani hukatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi pana kuliko rimu inavyoruhusu hubanwa, mgongo wake ukaharibika umbo, na kona zikawa ngumu badala ya rahisi. Binafsi naona huo ni urembo wa gharama. Matairi ya mashindano hushika vizuri yakishapata joto, hivyo kwa safari za kawaida na mvua chagua ya barabarani yenye mifereji ya kutosha. Soma pia tarehe: tarakimu 2323 ubavuni humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lililolika katikati hadi mgongo ukawa bapa libadilishwe hata kama kashata za pembeni bado ni nzima, kwa kuwa pikipiki hukataa kulala, kisha huanguka ghafla upande mmoja.

Matairi mapya yaendeshwe kwa upole kwa kilomita 150 za mwanzo, ukiongeza pembe ya kulaza kidogo kidogo, na skrubu ziachwe kama zilivyo hadi uso wa mpira upoteze utelezi wake.