SOMO: Kupiga picha paka wa mitaani visiwa vya Ugiriki (someni kwanza, ndipo muulize)

Wakuu, kila nikibandika picha ya paka humu napokea maswali yale yale: kamera gani, kisiwa gani, na mbona kuta kwenye picha zao zinatoka kijivu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nayaweka yote hapa, na kuanzia leo atakayeniuliza atapewa kiungo cha uzi huu, basi.

Hatua ya 1: Msimu. Mei, au mwisho wa Septemba kuingia Oktoba. Julai na Agosti kuna joto, kuna umati, na kuna meltemi, ule upepo wa kaskazini wa bahari ya Aegean, ambao ukichachamaa boti hazitoki bandarini. Wakati wa baridi migahawa mingi ya visiwa vidogo hufungwa, na paka waliozoea makombo ya watalii hubaki na njaa. Ukienda kipindi hicho, mfuko wa chakula uwe mbele ya mfuko wa lenzi.

Hatua ya 2: Kisiwa. Wengi hukimbilia Santorini. Paka wapo, lakini pale kijiji cha Oia jua likizama utapiga visogo vya watu. Mgeni mimi nampeleka Hydra: hakuna magari, mizigo inabebwa na punda na nyumbu, na paka hulala katikati ya njia bila wasiwasi. Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, kwa boti ya kasi ni saa mbili hivi au pungufu. Paros pia ni pazuri, hasa bandari ndogo ya Naoussa asubuhi, wavuvi wakiwa na nyavu zao. Ila kama ndiyo kwanza unajifunza kamera, anza na mji mkongwe wa Rhodes, ule uliojengewa ngome na wapiganaji wa Mtakatifu Yohane waliokaa kisiwani kuanzia 1309 hadi 1522. Kuta za pale ni za mawe yenye rangi ya asali. Kwa nini rangi ya ukuta ni muhimu, subiri hatua ya 5.

Hatua ya 3: Vifaa. Kamera yoyote, au simu yoyote ya miaka ya karibuni. Lenzi ya milimita 35 au 50. Betri ya akiba.

Hatua ya 4: Mipangilio. Kasi ya shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga) sekunde 1/250 kwa paka aliyekaa, 1/500 anayetembea, 1/1000 anayeruka. Upenyo wa lenzi f/2.8 hadi f/4. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe. Kamera yako ikiweza kutambua macho ya wanyama, washa.

Hatua ya 5: Ukuta mweupe. Hapa soma taratibu, maana ndipo nilipoharibu picha zangu zote za kisiwa cha Naxos.

Kamera inapopima mwanga haijui kama mbele yake kuna chokaa au lami. Inachukulia kwamba ulimwengu, kwa wastani, ni wa kijivu. Sasa ielekeze kwenye ukuta wa Cyclades (kundi la visiwa lenye Santorini, Paros na Naxos) uliopakwa chokaa na kupigwa jua: itaona mwanga umezidi mno, itaupunguza, na utapata ukuta wa rangi ya saruji na paka aliyezama gizani. Mimi nilikuwa nazitazama picha usiku chumbani, kioo cha kamera kinang'aa, naona mambo safi. Kuzifungua kwenye kompyuta nyumbani, kila kitu kijivu, na paka weusi hawakuokoka hata mmoja.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya +/−. Ongeza +1. Paka mweupe mbele ya ukuta mweupe, sogea hadi +1.7. Kwenye simu, mguse paka kwenye kioo halafu ukisogeze juu kile kialama cha jua. Na haya yashike:

– Usikiamini kioo, mchana wala usiku. Angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia: rundo lielekee kulia bila kugonga ukingo.
– Manyoya meupe yakishaungua kwa mwanga hakuna programu itakayoyarudisha. Giza kidogo linaokoleka.
– Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Usibishane na mimi kuhusu ukubwa wa faili, nunua kadi nyingine.
– Ukiingia uchochoro wenye kivuli, rudisha 0. Utasahau. Kila mtu husahau.

Mawe ya Rhodes hayaisumbui kamera hivi, ndiyo maana nikawaambia wanagenzi waanzie huko.

Hatua ya 6: Tafuta mahali kabla ya paka. Paka ukimfukuza atakupa mkia. Tafuta ngazi, mlango wa buluu, au kivuli kinachoukata ukuta mshazari, kisha keti. Asubuhi na mapema paka hufuata jiwe lililoanza kupata jua. Mchana wapo chini ya viti na mashua zilizopandishwa nchi kavu, na mwanga wenyewe wakati huo haufai kitu. Angalieni saa pia. Majira ya joto saa ya Ugiriki ni ile ile ya Dar na Nairobi, lakini jua lina mambo yake: Juni linachomoza kwenye saa kumi na mbili asubuhi na kuzama kama saa mbili na nusu usiku. Sisi tuliozoea magharibi inayopita mbio tunafunga kamera mapema mno. Kule mwanga wa jioni hukaa, hata baada ya jua kuzama.

Hatua ya 7: Shuka chini. Lenzi iwe usawa wa macho ya paka. Nguo zitachafuka.

Hatua ya 8: Adabu. Masikio yakilala nyuma na mkia ukaanza kupigapiga, ondoka. Ukitaka akuzoee, mtazame, fumba macho polepole, fumbua. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex uliotoka 2020 ulioonyesha kuwa paka humsogelea zaidi mgeni anayefanya hivyo. Flash hapana. Chakula kitoe baada ya picha, maana paka anayekula ni kisogo tu, na kiweke mbali na meza za mgahawa, la sivyo utaanzisha ugomvi wa paka na wa mwenye mgahawa kwa pamoja. Chakula kikavu kinauzwa kwenye supamaketi. Maziwa yanawaharisha, wape maji. Na kabla ya kulala kifudifudi kwenye kibaraza cha mtu, msalimie: *kalimera*.

Maswali chini.

---

Kipepeo_TZ: Somo zuri mkuu. Simu gani nzuri kwa picha za paka?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kipepeo_TZ: Nimesoma, lakini hujataja jina la simu.

Mwandishi: Ndiyo. Sikutaja kwa makusudi.

jogoo_la_shamba: Na usiku bila flash tunafanyaje?

Mwandishi: Mtafute paka aliyelala karibu na taa ya mgahawa. Aliyelala anavumilia hata 1/60. Egemea ukuta, zuia pumzi. ISO ikipanda ipande. Chengachenga kidogo hazimkeri mtu kuliko paka mwenye macho ya kijani yanayowaka kama ya jini.

Salma_Chumbageni: Shikamoo kaka. Mimi swali langu ni hatua ya 5. Nimefuata +1, ukuta umetoka mweupe kweli, lakini paka mweusi bado ni shimo lenye macho mawili. Nikiongeza zaidi, ukuta unaungua. Nakosea wapi?

Mwandishi: Marahaba Salma. Hukosei popote. Umefika mahali ambapo kitufe hakitoshi, kwa sababu tofauti ya mwanga kati ya chokaa yenye jua na manyoya meusi ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kubeba kwa picha moja. Kuna njia tatu. Ya kwanza, mpate paka na ukuta wote wakiwa kivulini: tofauti inapungua, na ukuta wa upande wa pili unaopigwa na jua unarudisha mwanga laini juu yake. Ya pili, sogea hatua mbili kando ili nyuma yake uwe mlango wa buluu au jiwe tupu badala ya chokaa. Ya tatu naipenda kuliko zote: subiri jua liwe chini na limpige kwa ubavu au kutoka nyuma kidogo. Manyoya meusi hung'aa pembeni, unapata mstari wa mwanga unaomchora mgongo na masikio, hata kama katikati ni giza. Hapo pima kwa ule mstari, na mengine yaache yawe meusi. Weka picha hapa ukijaribu, nataka kuziona.

Salma_Chumbageni: Nimekuelewa sana. Kumbe ukuta wa jirani ndio taa!

Mwandishi: Ndiyo hasa. Visiwa vile ni studio tayari.

mkosoaji_mkuu: Yaani unapanda ndege mpaka Ugiriki kupiga paka? Lamu wamejaa tele, bure.

Mwandishi: Hakuna mahali nilipoandika mtu asiende Lamu. Kichwa cha uzi kinasema Ugiriki kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa.

MwanaLamu: Msigombane jamani. Hata huku punda tunao na vichochoro tunavyo. Wenye nia waje alfajiri wakae ufukweni samaki wakishushwa, paka watajileta wenyewe. Ila hiyo +1 yake huku mara nyingi imezidi, kuta za matumbawe zimeshakula ukungu na rangi.

Mwandishi: Asante, hilo ni kweli kabisa. Anza na 0, ongeza kidogo kidogo. Na karibu na ikweta jua hupanda upesi, kwa hiyo saa tatu asubuhi mwanga umeshakuwa mkali, wahini.

Fundi_Rashidi: Hydra niliona paka wengi ncha ya sikio imekatwa. Wanateswa?

Mwandishi: Swali zuri. Hapana. Ni alama kwamba paka huyo ameshafungwa uzazi, ili asikamatwe tena na kupasuliwa bure. Inafanywa akiwa amelazwa kwa dawa. Ugiriki ina sheria namba 4830 ya 2021 inayoziwajibisha manispaa kwa wanyama wasio na mwenyewe, na kuwafunga uzazi ni sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwa hiyo msilifute sikio hilo kwenye programu ya kuhariri picha. Nimeona watu wakilifuta wakidhani ni kovu.

Kipepeo_TZ: Viza ya Schengen wanachukua siku ngapi?

Mwandishi: Huu uzi ni wa paka.

dada_wa_Muscat: Mmoja alinikwaruza mkono nikimshika. Nimpake nini?

Mwandishi: Wewe, sio yeye: sabuni na maji yanayotiririka, dakika kadhaa, kisha daktari siku hiyo hiyo kama ameng'ata au damu imetoka. Meno ya paka ni membamba, yanapeleka vijidudu ndani kabisa na kidonda kinajifunga juu kikiwa na usaha chini. Na usimshike tena.

baharia_mstaafu: Niongeze la kwangu, nimeishi Piraeus miaka. Tiketi isomeni bandari iliyoandikwa. Boti nyingi za Mykonos na Tinos huondoka Rafina, upande mwingine kabisa wa Athens, na kila msimu naona watu wanalia getini. Pili, kwenye sitaha ya feri kamera ikae begini. Chumvi.

Mwandishi: Shikamoo mzee, umesema. Chumvi ikishagusa lenzi, usiifute kavu, utakwaruza kioo. Puliza kwanza, kisha kitambaa laini chenye unyevu wa maji baridi, ndipo kikavu.

jogoo_la_shamba: Picha hizi zinauzika?

Mwandishi: Ngumu. Kalenda za paka zimejaa kila duka la zawadi kule, ukuta mweupe na paka wa rangi ya chungwa, miezi kumi na miwili. Ukitaka kutofautiana, ingiza mtu kwenye picha: mkono wa bibi unaomwagia maji kwenye kopo, mvuvi anayejifanya haoni samaki akiibwa. Ila mwombe ruhusa kwanza.

baharia_mstaafu: Wavuvi hawajifanyi. Wanawatupia wenyewe wale wadogo wasiouzika.