Somo: Kuendesha semina ya walimu wa kompyuta ili kila mwanafunzi ashike kibodi

Habari zenu walimu. Wengi mmeniomba niandike jinsi ya kuendesha semina ya walimu wa kompyuta, ile ya kufanya darasa liwe la wote: wasichana, wenye ulemavu, na wale waliofika Form One hawajawahi kugusa kompyuta. Semina nyingi za hivi zinaishia kwenye slaidi na posho, mtu akirudi shuleni anafundisha vilevile, kwahiyo mimi naanzia kwenye kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, nani anashika kibodi.

Hatua ya 1. Kabla ya semina, kila mwalimu akae nyuma kwenye kipindi cha mwenzake akiwa na karatasi aliyochora ramani ya labu. Kila baada ya dakika 5 anaweka tiki kwa aliyeshika kibodi au mausi kwenye kila mashine, basi, maoni asiandike. Siku ya semina bandikeni karatasi zote ukutani bila majina ya walimu. Mara nyingi utakuta tiki zimejazana kwa watoto walewale wenye kompyuta nyumbani, na msichana kwenye kundi la watu watano kapewa kazi ya kuandika notsi za wenzake. Usihubiri, waache wabishane wenyewe kwanza.

Hatua ya 2. Chomoa mausi zote, walimu waandike programu fupi na kuisevu kwa kibodi peke yake. Wakikwama waonyeshe kwamba kwenye Windows ukibonyeza Shift mara 5 inakuja Sticky Keys, hapo mwenye mkono mmoja anabonyeza Ctrl alafu S, moja moja, bila kuzishika kwa pamoja. Kisha wawekee NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Ila msiwafunge walimu vitambaa machoni, ule mchezo unaacha huruma tu. Kama mnamjua mtu asiyeona anayetumia kompyuta, mleteni awafundishe, na mumlipe kama wawezeshaji wengine.

Hatua ya 3, na hii ndo roho ya semina. Fanyeni kazi wawili wawili, mmoja dereva, mwingine mwelekezi. Mwelekezi anaongea tu, haruhusiwi kugusa kibodi hata aone kosa la wazi kabisa, na kila dakika 7 alamu inalia mnabadilishana. Walimu wanaojua sana ndo watakaoteseka hapa, mikono inawawasha, wanamvuta mwenzao kiti, na hapo wanaelewa wenyewe kinachotokea darasani kwao. Unaweza kuweka watatu, wa tatu akaandika makosa, lakini zamu lazima zizunguke.

Hatua ya 4, kuuliza maswali. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alipima miaka ya 1970 akakuta walimu wanasubiri jibu kama sekunde 1 tu, na wakisubiri 3 wanafunzi wengi zaidi wanajibu na majibu yanakuwa marefu. Zoezi: uliza, hesabu kimoyomoyo, ndo umwite mtu kwa kuokota kikaratasi cha jina. Kimya kitawasumbua mwanzoni, kawaida.

Hatua ya 5, lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, sawa, ila mtoto akipambana na Kiingereza na Python, lugha ya kuandikia programu, kwa mpigo utadhani kichwa kigumu. Wape programu fupi iliyoandikwa tayari, wabashiri kwa Kiswahili itatoa nini, ndo waiendeshe, waichokonoe, waibadilishe, mwisho waandike ya kwao. Utaratibu huu unaitwa PRIMM. Scratch nayo, ile ya kutunga programu kwa kuburuta vibloku, ina menyu ya Kiswahili, tumieni.

Baada ya mwezi rudieni ile ramani ya tiki, mlinganishe.

MASWALI

Mwalimu wa Singida: Mbona wasichana wenyewe hawapendi kompyuta, tutawalazimisha?
Jibu: Chuo kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, mwaka 1995 wasichana walioanza sayansi ya kompyuta walikuwa asilimia 7, mwaka 2000 wakafika 42. Wasichana walikuwa walewale, chuo ndo kilibadilika, kiliacha kuwapa kipaumbele walioshaandika programu kabla ya kuingia.

Madam wa Kibaha: Nina kijana mmoja anajibu kila kitu, wengine wamenyamaza kabisa.
Jibu: Usimwaibishe mbele ya wenzake. Chuo cha Harvey Mudd, California, mwalimu alikuwa anamwita mwanafunzi wa hivyo pembeni, anamwambia nafurahia maswali yako, tuyaongee baada ya kipindi. Pia walitenganisha wanaoanza na wenye uzoefu. Wewe huna vyumba viwili, basi kwenye jozi usimweke na anayeanza kabisa, atammeza.

Mwalimu wa shule ya kata: Kompyuta 4, wanafunzi 70, umeme wa mawazo.
Jibu: Pole mwalimu. Kuna mazoezi ya CS Unplugged, ya kujifunza sayansi ya kompyuta bila kompyuta, yalianzia Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Chora kwa chaki uwanjani mtandao wa kupanga namba, yaani njia zinazokutana wawili wawili, watoto sita wanatembea na namba zao, wanalinganisha kila wanapokutana. Mwenye kiti cha magurudumu anapita pia, chora njia pana.

Mwalimu wa Moshi: Nina mwanafunzi asiyeona, Scratch inamgomea.
Jibu: Achana nayo, vile vibloku vya kuburuta NVDA haiviwezi vizuri. Mpe Python ya maandishi, na kwenye mipangilio ya NVDA washa kutaja nafasi za mwanzo wa mstari, maana Python inazihesabu, la sivyo atapata makosa asiyojua yametoka wapi. Na ukiandika ubaoni soma kwa sauti, usiseme "hii hapa inaenda pale".