Kuandaa Mtihani Unaojirekebisha kwa Kompyuta Katika Skuli za Zanzibar: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtihani unaojirekebisha ni ule ambao kompyuta humchagulia kila mtahiniwa swali linalofuata kwa kuangalia alivyoyajibu yaliyotangulia: akipata, huletewa gumu zaidi, na akikosa, huletewa jepesi zaidi. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta, kwani Alfred Binet, nchini Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa akimpima mtoto kwa kuanza na maswali ya rika lake kisha kupanda au kushuka kulingana na majibu. Frederic Lord na David Weiss, wote wa Marekani, ndio waliolijengea wazo hilo msingi wa kihesabu na wa kiutafiti katika miaka ya 1970, na kufikia mwaka 1994 mtihani wa leseni za wauguzi wa nchi hiyo ulikuwa ukifanywa kwa njia hii.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwalimu au mtafiti aliyeko Chake Chake, Wete au Mjini Unguja ambaye anataka kuandaa mtihani wa namna hiyo kwa somo moja. Mfano nitakaoutumia ni Hisabati ya darasa la sita. Wengi huanza kwa kutafuta programu, nami nashauri kinyume chake: programu zipo na ni za bure, lakini hakuna programu inayoweza kumpa mwanafunzi swali zuri ambalo halimo katika benki ya maswali, yaani hazina ya maswali ambayo kompyuta huchagua kutoka kwayo. Kwa sababu hiyo, hatua za benki zimepewa nafasi kubwa hapa.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba unauhitaji

Ikiwa una darasa moja na unataka tu kujua nani ameelewa mada ya wiki hii, jaribio la karatasi linatosha. Mtihani unaojirekebisha unafaa pale ambapo wanafunzi wanatofautiana sana kiuwezo, upimaji utarudiwa mara nyingi, na majibu yanaweza kusahihishwa papo hapo na kompyuta. Insha haifai kwa njia hii.

Hatua ya 2: Andika maswali kwa kufuata jedwali la utahini

Anza na jedwali la utahini kama ambavyo ungefanya kwa mtihani wowote, ukigawa maswali katika namba, matendo, vipimo, maumbo na takwimu. Tofauti ni kwamba katika kila mada unahitaji maswali mepesi sana, ya wastani na magumu sana, kwa sababu mwanafunzi dhaifu na mwanafunzi hodari wote watategemea benki hiyo hiyo. Walimu wamezoea kuandika maswali ya wastani, kwa hiyo benki nyingi hunenepa katikati na kukonda pembeni. Wape baadhi ya waandishi kazi ya kuandika maswali mepesi peke yake na wengine magumu peke yake.

Kila swali lisimame lenyewe, bila kutegemea jibu la swali jingine, kwani hujui litatanguliwa na lipi. Vipotoshi, yaani majibu ya kuchagua yasiyo sahihi, navyo vitokane na makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli. Chukua swali hili: «Mchumaji alipima karafuu pishi 7 na vibaba 3. Ikiwa pishi moja ni vibaba 4, alipima vibaba vingapi kwa jumla?» Jibu ni 31. Kipotoshi cha 28 kinamnasa aliyesahau kujumlisha vibaba 3 vya mwisho, cha 10 kinamnasa aliyejumlisha 7 na 3 bila kubadilisha kipimo, na cha 73 kinamnasa aliyeziweka tarakimu mbili pamoja bila kufikiri. Kila jibu lisilo sahihi linakueleza jambo.

Hata hivyo, swali hilo lina suala jingine linalostahili kutazamwa mapema. Mtoto wa Micheweni ambaye nyumbani kwao karafuu huanikwa kila msimu anaijua pishi kwa macho, ilhali mtoto wa Mjini huenda anaisoma kwa mara ya kwanza kwenye mtihani. Usilitupe swali kwa dhana tu. Liwekee alama ili ulichunguze katika hatua ya nne. Kabla ya kwenda mbele, mpe mwalimu mmoja wa Pemba na mmoja wa Unguja wayasome maswali yote na wakuonyeshe yale ambayo lugha yake au mazingira yake yanaweza kumkwaza mwanafunzi asiyekosa hesabu.

Hatua ya 3: Yajaribu maswali kwa wanafunzi

Hakuna mwanafunzi anayeweza kujibu benki nzima, kwa hiyo tumia vijitabu vinavyoungana. Tuseme una vijitabu 6, kila kimoja kikiwa na maswali 12 yanayofanana katika vijitabu vyote na maswali 24 ya peke yake. Kila mwanafunzi atajibu maswali 36, nawe utapata benki ya maswali 156. Yale 12 ya pamoja ndiyo yanayoviweka vijitabu vyote katika mizani moja, hivyo yachaguliwe kutoka mada zote na viwango vyote vya ugumu.

Omba vibali vinavyohitajika mapema, kisha vigawe vijitabu kwa kupokezana ndani ya darasa hilo hilo: wa kwanza apewe kijitabu A, wa pili B, na kuendelea. Ukiipa skuli moja kijitabu A na nyingine kijitabu B, itakuwa vigumu zaidi kutenganisha ugumu wa maswali na tofauti za skuli. Lenga angalau wanafunzi 200 kwa kila kijitabu, kutoka skuli za mjini na za shamba, visiwa vyote viwili.

Hatua ya 4: Kadiria ugumu wa kila swali

Kwa benki ya kwanza napendekeza modeli ya Georg Rasch, mtakwimu wa Denmark aliyeichapisha mwaka 1960. Modeli hii huuweka uwezo wa mwanafunzi na ugumu wa swali kwenye mstari mmoja unaopimwa kwa kipimo kiitwacho logiti. Uwezo ukilingana na ugumu, nafasi ya kupata ni asilimia 50. Uwezo ukizidi kwa logiti 1 nafasi hupanda hadi 73, na ukizidi kwa logiti 2 hufika 88. Modeli zenye vigezo vingi zaidi zinavutia, lakini zinadai sampuli kubwa kuliko ambayo watafiti wengi wa hapa wanaweza kuipata, na vigezo vilivyokadiriwa vibaya humpotosha mtahiniwa kuliko modeli nyepesi iliyokadiriwa vizuri. Kifurushi cha mirt katika programu ya takwimu iitwayo R kinaifanya kazi hii bila malipo.

Matokeo yakitoka, yapitie maswali moja moja. Swali ambalo wanafunzi hodari wanalikosa na dhaifu wanalipata mara nyingi lina jibu sahihi lililowekwa kimakosa, au majibu mawili yanayokubalika. Kisha rudi kwenye maswali uliyoyawekea alama: kadiria ugumu wake kwa wanafunzi wa Pemba na wa Unguja, kila kundi peke yake, katika mizani ile ile. Tofauti ikifika takriban nusu logiti, kaa na walimu mlichunguze swali. Swali la pishi likiwa gumu zaidi kwa wa Mjini kwa kiasi hicho, ingawa uwezo wao katika vipimo vingine ni sawa na wa wenzao, basi linapima mazoea pamoja na hesabu, na halifai kubaki.

Hatua ya 5: Weka kanuni za kuchagua, kukadiria na kusimamisha

Katika modeli ya Rasch, swali linalotoa taarifa nyingi zaidi, yaani linalosaidia zaidi kuujua uwezo wa mtahiniwa, ni lile ambalo ugumu wake unalingana na uwezo uliokadiriwa. Hutoa taarifa ya 0.25. Swali lililo mbali kwa logiti 2 hutoa takriban 0.10 tu. Hapo ndipo faida yote ya mtihani huu inapopatikana, kwa sababu mtihani wa karatasi humpotezea mwanafunzi muda kwa maswali yaliyo mbali naye.

Fuatilia mtahiniwa mmoja. Tunaanza kwa kudhani kwamba uwezo wa wanafunzi una wastani wa 0 na mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) wa 1. Swali la kwanza lina ugumu wa 0, naye analipata: makadirio yanapanda hadi 0.40, na kosa sanifu, yaani kiasi ambacho makadirio huenda yakawa mbali na uwezo wa kweli, ni 0.90. La pili lina ugumu wa 0.40, analikosa: makadirio yanashuka hadi 0.07, kosa sanifu 0.82. La tatu lina ugumu wa 0.07, analipata: makadirio ni 0.35, kosa sanifu 0.76. Makadirio yanayumba mwanzoni kisha yanatulia, huku kosa sanifu likipungua kila swali. Dhana ya awali ni ya lazima hapa, kwani bila hiyo mwanafunzi aliyepata maswali yote ya mwanzo angekadiriwa kuwa na uwezo usio na kikomo.

Ukitaka kosa sanifu lifike 0.40, unahitaji jumla ya taarifa 6.25 (yaani 1 gawanya kwa mraba wa 0.40). Dhana ya awali inachangia 1, hivyo inabaki 5.25, sawa na maswali 21 yanayolingana barabara na uwezo. Benki halisi haina ulinganifu huo, kwa hiyo weka kikomo cha juu cha maswali 30, na uilazimishe programu kufuata uwiano wa mada wa jedwali la utahini.

Hatua ya 6: Igiza kabla ya kumkalisha mtoto

Kifurushi cha catR, nacho cha programu ya R, kinakuwezesha kuunda watahiniwa wa kubuni 1,000 wenye uwezo unaoujua, kuwapitisha katika benki yako, na kulinganisha makadirio na uwezo wao wa kweli. Watazame hasa walio chini ya −2 na juu ya 2. Kosa likiwa kubwa huko, rudi hatua ya pili ukaandike maswali; kurekebisha kanuni hakutasaidia.

Hatua ya 7: Linda maswali

Kompyuta ikiachiwa huru, itampa kila mtahiniwa swali lile lile la kwanza na itayarudia machache yaliyo bora. Mwaka 1994 kampuni moja ya Marekani inayowaandaa watahiniwa iliwatuma watu wake wafanye mtihani wa kompyuta wa GRE, unaotumika kuingilia masomo ya shahada za juu, na kuyakariri maswali, nao walikusanya mengi. Njia nyepesi ya kujikinga ni kuamuru programu ichague kwa bahati nasibu kati ya maswali matano yanayofaa zaidi.

Hatua ya 8: Siku ya mtihani na baada yake

Usiutegemee mtandao. Weka programu na benki kwenye kompyuta mpakato moja, uviunganishe vishikwambi kwa mtandao wa ndani, na uhakikishe kila jibu linahifadhiwa mara linapotolewa ili umeme ukikatika mwanafunzi aendelee pale alipofikia.

Waeleze wanafunzi mambo mawili kabla hawajaanza: hawataweza kurudi kwenye swali walilokwisha kulijibu, na kila mmoja, hata aliye hodari, atakosa takriban nusu ya maswali. Nalisisitiza hili kwa sababu mtoto aliyezoea kupata 90 huvunjika moyo anapoona maswali yanazidi kumshinda. Wazazi nao waelezwe kwa nini watoto wawili waliopata maswali 12 kati ya 24 wana alama tofauti: mmoja alijibu maswali magumu kuliko mwenzake. Kwa ripoti, zidisha makadirio kwa 100 na ujumlishe 500, ili 0.35 isomeke 535, na pasiwe na mtoto anayepelekewa nyumbani alama hasi.

Katika kila mtihani ingiza maswali mawili au matatu mapya yasiyohesabiwa katika alama. Yakishajibiwa na watahiniwa wa kutosha, yakadirie katika mizani ile ile, yaingize benki, na uyaondoe yale ya zamani ambayo yameonekana na wengi.