Kupima urefu wa jicho: matone ya kupanua mboni yawekwe kabla au baada?

Wanaoanza baiometri (kupima jicho ili kuchagua lenzi bandia ya opereshani ya mtoto wa jicho) wananiuliza sana hili: mgonjwa kashawekewa matone, mboni imefunguka yote, je kipimo cha urefu kimeharibika? Kwa mashine za mwanga kama IOLMaster au Lenstar, hapana, urefu wenyewe hauchezi kiasi cha kubadilisha lenzi unayochagua. Vinavyocheza ni vitu vya jirani yake na huko ndo watu wanaumia. Urefu nao upime kwa makini, kosa la milimita 1 tu ni kama dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3 baada ya opereshani, na kwa jicho fupi ni zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: konea kabla ya tone lolote
Chukua K (kipimo cha mkunjo wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho) kwanza. Usiweke ganzi, usiweke floresini (rangi ya kukagulia konea), usipime presha ya jicho, kwa sababu konea ikishaguswa K zinaanza kuruka. Mwambie apepese, afungue, hapo hapo bonyeza. Vile vitaa vinavyoakisi kwenye konea vikiwa vimefifia au vimepinda, achana navyo, apepese tena.

Hatua ya 2: urefu na kina cha chemba ya mbele (nafasi kati ya konea na lenzi), bado bila matone
Punguza taa ya chumba mboni ijifungue yenyewe kidogo. Mboni ndogo haiisumbui sana mashine ya mwanga, mwale ni mwembamba, unapita katikati, mradi mzee wako anakitazama kile kitaa na sio kukuangalia wewe usoni (wengi wanafanya hivyo, waelekeze kwa upole). Piga vipimo kadhaa uone kama vinafanana.

Hatua ya 3: mashine ikigoma ndo upanue
Mtoto wa jicho aliyekaa nyuma ya lenzi katikati anaziba njia yote, mboni ikipanuka unaweza kusogea pembeni kidogo ukapata upenyo. Ila kwanza cheki pembe ya chemba kwenye sliti lampu (darubini ya macho), chemba ikiwa finyu usimwage tropikamaidi (tone la kupanua mboni) tu, unaweza kumpandishia presha. Halafu uwe na subira, irisi nyeusi kama zetu inaikamata dawa na mboni inachelewa kufunguka.

Sasa hapa ndo penye mtego. Matone yanaongeza kina cha chemba ya mbele na kuipunguza lenzi unene, kwa hiyo fomula za kukokotoa nguvu ya lenzi zinazotumia kina hicho, mfano Haigis au Barrett, zinaweza kukupa jibu lililosogea kidogo, wakati SRK/T haitagundua chochote kwa vile inatumia urefu na K tu. Kina chukua kile cha hatua ya 2.

Hatua ya 4: mtoto wa jicho mweupe pee
Hapa mwanga haupiti hata upanue vipi, unarudi kwenye ultrasaundi, na kwa proba ya mkononi mboni ina kazi yake. Ikiwa ndogo sana unaweza kugonga ukingo wa irisi, mlima wa lenzi kwenye skrini (mwangwi unaorudi toka kwenye lenzi) unakuja mbovu. Ikiwa imefunguka yote, kulenga katikati kunakuwa kwa kubahatisha, unapita pembeni ya lenzi bila kujua. Mimi napenda mboni ya wastani. Kwenye skrini mlima wa retina usimame wima, na nyuma yake uone sklera (ukuta mweupe wa jicho) halafu mafuta ya nyuma ya jicho, sklera ikikosekana umelenga neva ya jicho.

Na usikandamize! Ukipata 23.42 chemba ikiwa 3.12, halafu 23.20 chemba ikiwa 2.90, tazama vizuri, ile 0.22 iliyopotea yote imetoka kwenye chemba, yaani ni mkono wako umeibonyeza konea. Futa ya pili, hiyo ni zaidi ya nusu dayopta.

Hatua ya 5: linganisha, andika
Macho mawili yakipishana zaidi ya milimita 0.3, rudia yote mawili, labda uwe na sababu inayoeleweka. Kwenye faili andika "kabla ya matone" au "baada". Kwa watoto wa miopia mnaofuatilia urefu kila ziara hili msiliache kabisa, atropini (tone la kupanua mboni) inanenepesha koroidi (tabaka la mishipa nyuma ya retina) kidogo na jicho linasomeka fupi kuliko lilivyo, kwa hiyo ziara yenye dawa usiilinganishe na isiyo na dawa ukamwambia mama miopia imesimama.