Shauri la haki za msingi lisitupwe mlangoni

Wakili, mteja akikujia na shauri la haki za msingi, awe wa Arusha au Moshi, chunguza kwanza kama bado kuna rufaa au mapitio, yaani mahakama kuupitia upya uamuzi. Sheria ya Tanzania ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu, Sura ya 3, inataka njia hizo zimalizwe, na pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla ya kusikilizwa, huanzia hapo.

Ombi lifunguliwe masjala ya Mahakama Kuu. Litaje mwombaji, yaliyotokea, nafuu inayoombwa na ibara iliyovunjwa, kati ya 12 na 29 za Katiba ya 1977. Usirundike ibara, taja ile unayoweza kuithibitisha.

Kazi kubwa ni kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mwombaji anaapa kuwa ni ya kweli. Marekebisho ya sheria hiyo ya 2020 yalitaka kieleze mwombaji alivyoathirika yeye binafsi. Kusema “wananchi wanaonewa” hakutoshi: andika tarehe, mahali, alichonyimwa, na uambatishe barua zinazothibitisha hayo. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka dole gumba, na kiapo kionyeshe hivyo. Anastahili kujua anachoapia.

Jaji mmoja anaweza kupima kama ombi lina mashiko. Likipita, husikilizwa na majaji watatu. Hata sheria ikionekana kukiuka Katiba, Mahakama inaweza kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Mweleze mteja hilo mapema.