Vijiti vya jibini kwa unga wa muhogo: Hanuka jijini Mwanza

Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi, ina usiku 8 na vyakula vyake ni vya mafuta. Vijiti hivi ni vya mlaji asiyeweza kula ngano. Kama jibini lenye muhuri wa kosher, yaani linalofuata sheria za chakula za Kiyahudi, halipatikani dukani, mpishi wa Kiyahudi alitengeneze mwenyewe. Chemsha lita 2 za maziwa, epua, mimina vijiko vikubwa 4 vya maji ya ndimu, koroga taratibu mpaka yakatike. Chuja kwa kitambaa, tia chumvi, gandamiza saa 2 chini ya sufuria iliyojaa maji, kisha laza kwenye friji. Jibini hili haliyeyuki likikaangwa.

Kata vipande vya ukubwa wa kidole na uvifute vikauke; maji ndiyo yanayorusha mafuta.

Pasua kila yai kwenye glasi kwanza. Lenye doa la damu, tupa. Chovya kipande kwenye unga wa muhogo, yai, halafu unga tena. Kiache dakika 10, la sivyo ganda linabanduka lote karaini.

Unga ndio mtego: mashine iliyotoka kusaga ngano huacha ngano ndani yake. Nunua makopa, usagishe baada ya mihogo ya wengine. Karai nalo lisiwe la maandazi, kwa sababu ya ngano, wala la nyama, maana kosher haichanganyi nyama na maziwa.

Pasha mafuta ya alizeti hadi nyuzi 180. Chembe ya unga ikizama na kutulia, bado. Ikiibuka ikitoa povu, tia vipande 5 tu. Vikizidi, mafuta hupoa na vijiti huyanywa. Dakika 2 au 3, epua. Pilipili ya ndimu inatosha kando.