Kiyoyozi na Hita ya Gari: Kutoka Fukuto la Mombasa hadi Baridi ya Ughaibuni

Aliyejifunza udereva Mombasa huzoea kukiona kiyoyozi kuwa chombo cha kupoza tu, hivyo akihamia Uingereza au Kanada hukizima baridi inapoanza, kisha hushinda akifuta kioo cha mbele kwa mkono wa koti. Ukweli ni kwamba kiyoyozi hukausha hewa pia: mvuke unapogusa mabomba yake baridi hugeuka matone, na ndiyo maji yanayochuruzika chini ya gari lililoegeshwa Nyali, ambayo wengi huyadhania kuwa dalili ya ubovu.

Kwa hiyo vioo vikifanya ukungu kwa ndani wakati wa baridi, washa hita na kiyoyozi kwa pamoja, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, na uzime kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari, ili hewa ya nje iingie. Hewa hiyo ikishapashwa moto huwa kavu kuliko ile ya ndani, iliyojaa pumzi za abiria na maji ya viatu vyenye theluji. Baridi ikizidi, kompresa, yaani pampu ya kiyoyozi, ya magari mengi hujizima yenyewe. Hilo lisikutie wasiwasi.

Ukirudi nyumbani Januari, kaskazi inapovuma, kitufe hichohicho hutumika kinyume. Gari likiwa limechomwa na jua, fungua vioo vyote na uendeshe kidogo ili hari itoke, kisha vifunge na ubonyeze mshale ule, kwa kuwa ni rahisi kupoza hewa iliyokwisha kupoa kuliko fukuto jipya, na tena moshi wa malori ya Changamwe hubaki nje. Katika safari ndefu ya Nairobi, ruhusu hewa ya nje mara kwa mara, maana hewa iliyochoka huleta usingizi. Ukungu ukitanda kwa nje ya kioo, kama itokeavyo katika asubuhi zenye unyevu mwingi, tatizo ni kioo kupoa kupita kiasi: tumia waipa, ondoa hewa baridi kiooni na upunguze ubaridi.

Hita ya gari la petroli au dizeli hutegemea joto la injini, kwa hiyo kuifungulia feni yote mara tu unapowasha gari ni kujipulizia baridi. Kwangua kwanza barafu kwenye vioo vyote, na usiimwagie maji ya moto, kwani kioo huweza kupasuka. Sheria za barabarani za Uingereza zinadai dereva aone vizuri kupitia vioo vyote kabla ya kuondoka. Hakikisha pia kwamba bomba la moshi halijazibwa na theluji, wala usiache injini ikinguruma ndani ya gereji, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua.

Mazoea ya kujaza rejeta maji ya bomba, ambayo Pwani huenda yakavumilika, yaache kabisa: maji matupu huganda nyuzi 0 za Selsiasi, yakatanuka na kuweza kuipasua injini. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, inayostahimili baridi ya mahali unapoishi.

Mwenye gari la umeme alipashe joto likiwa bado limeunganishwa na chaja, kisha njiani ategemee zaidi viti vyenye joto, kwa sababu hita hula betri na kufupisha safari.